Dawa Isiyoponya

Baba alicheka aliposikia.
"Mnausimamisha? Huu moyo wangu?
Nimesubiri malipo ya korosho hadi Machi
na haukusimama."

Fredoline hakucheka. Kijana wa Masasi,
kucha zimekatwa hadi nyama,
kazi yake mashine, na ile chupa.
Alivuta kiti karibu na miguu ya baba
akaeleza kama anayemwelekeza mgeni njia ya Kitangari:
damu tutaipitisha kwenye mipira, izunguke nje;
mshipa mkubwa tutaubana;
kisha dawa, maji baridi yenye chumvi ya potasiamu,
itaingia kwenye vijishipa vinavyoulisha msuli wenyewe.
Moyo utalegea. Utalala.
Hakuna fundi anayeshona vali inayorukaruka.

"Na hiyo dawa," baba akauliza, "inatibu nini?"

"Haitibu kitu, mzee. Inalinda.
Moyo ulionyimwa damu huku unapiga
hujila wenyewe.
Uliolala kwenye baridi hauna njaa."

Baba akanitazama mimi, si yeye.
Nikajua tumefika shambani.

Maana Julai, kabla ya jua,
umande ungali umeshika maua ya mkorosho,
mimi ndiye nibebaye mashine mgongoni,
khanga nimejifunga puani,
napuliza salfa hadi nyusi ziwe njano.
Salfa haizai korosho.
Haifufui ua lililokwisha kuliwa na ubwiriunga.
Hulikuta ua zima, hulikalia, basi.
Wiki zikipita unarudia,
kwa kuwa ulinzi nao huchakaa.

"Mnarudia baada ya muda gani?"
"Dakika ishirini, au karibu na hapo."
"Na ikizidi?"
Fredoline alikuna shingo.
"Chumvi hiyohiyo, mzee, ikipotea njia, inaua."
"Kama salfa na macho," baba akasema,
akachovya dole gumba kwenye wino.

*

Nje palikuwa na benchi la saruji
na upepo wa Mtwara unaopeperusha risiti.
Saa nne na robo Sista Veneranda alitoa kichwa mlangoni:
"Umesimama."
Nikashika ukuta.
"Umesimama vizuri," akaongeza,
nami nikasema ahsante.
Nani hushukuru kwa neno kama hilo?

Dakika ishirini. Kaka alipiga simu kutoka Nanyamba.
Nikamwambia, amelala.
Dakika ishirini. Muuza uji alipita na chupa yake,
nikanunua kikombe, kikapoa mkononi,
kikaota ngozi juu.
Dakika ishirini. Wangu ulikuwa ukigonga
kama mtu aliyefungiwa ghalani na magunia,
na hakuna aliyeupa kitu.
Sijui mara ya nne au ya tano.
Hapo nilipoteza hesabu,
mimi ninayejua idadi ya mikorosho yetu
hata ile mitatu iliyoungua.

Fredoline alinisimulia jioni, miguu nje ya viatu:
walipolegeza koleo, damu ya joto ikarudi,
moyo ulitetemeka kwanza
kama kuku anayejikung'uta mvua.
Halafu pigo moja.
Halafu tukangoja, akasema, tukangoja sana.
Halafu mengine.
"Ulimfanya nini?"
"Mimi? Nilifunga mikono nyuma, nikatazama."

*

Sasa ni Julai nyingine, Kitangari,
baridi ya uwanda wa juu inauma vidole.
Baba yuko uani na koti la marehemu babu,
kovu lake refu amelifungia vifungo vyote.
Hodari wa kunyoosha kidole, huyo,
ule umeusahau, ule umeupuliza mara mbili.

Katikati ya mstari wa sita salfa imeisha.
Nimezima mashine.
Shamba zima limenyamaza, hata majani,
unga wa njano unashuka polepole juu ya maua.

"Somoe!" sauti ya baba, imekatika pumzi. "Mbona kimya?"

"Naongeza dawa!"

Naifunga ndoo, naivuta kamba.
Haijawaka.
Naivuta tena.